Digrii ya elimu maalum: piga hesabu kwanza, fomu baadae

Kila dirisha la udahili likifunguliwa naanza kupokea meseji za aina moja. "Mwalimu, nina div three, nasikia elimu maalum ajira zake ni za fasta, nijaze?" Mwingine ni mwalimu mwenzangu kabisa, ana diploma na miaka tisa kazini, anauliza akaongeze digrii au atulie alipo. Hawa wawili wanauliza swali moja ila majibu yao hayafanani hata kidogo, na nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo leo naandika yote hapa. Nafundisha kitengo cha elimu maalum, yani madarasa ya watoto wenye ulemavu ndani ya shule ya kawaida, huu mwaka wa kumi na moja, nilianza na diploma, digrii nikaja kuisoma baadae kwa mkopo, yani hesabu nazozisema hapa slipu yangu ya mshahara inazijua.

Anza na wewe mwenyewe, uko kundi gani. Kama ndo umetoka form six na hujawahi kuajiriwa, bila karatasi ya ualimu hakuna shule ya serikali itakayokupokea, kwa hiyo swali lako ni uingilie mlango upi, diploma au digrii. Kama uko kazini, mlango ulishapita, swali lako ni kama digrii itakupandisha kutoka hapo ulipo au itakuacha palepale na deni juu. Kuna kundi la tatu ambalo nalipenda sana, wazazi wenye mtoto mwenye usonji au mtindio wa ubongo wanaotaka kusoma ili wamsaidie mtoto. Mama, baba, msisome digrii. Utakaa miaka mitatu unasoma falsafa ya elimu na mitaala na masomo mawili ya kufundishia wakati unachotaka wewe ni mtoto ajifunze kwenda chooni na kula mwenyewe na kukwambia tumbo linauma. Hiyo utaipata kwa mwalimu wa kitengo kilicho karibu na kwako na kwa kozi fupi, na hela ya ada itakusaidia kwenye mazoezi ya viungo na nauli za kliniki.

Haya, hesabu. Chukua karatasi.

Watu wakisema gharama wanamaanisha ada, na ada kwa kweli ndo kipande kidogo. Natumia namba za mfano ili hesabu iwe rahisi, we weka za chuo chako maana kila chuo na bei yake. Tuseme ada ni 1,200,000 kwa mwaka, miaka mitatu ni 3,600,000. Kula na kulala, Bodi ya Mikopo ilipandisha kiwango cha siku kutoka 8,500 kwenda 10,000 mwaka 2022, tuchukue hiyohiyo elfu kumi kwa siku 240 za mwaka wa masomo, inakuja 2,400,000, mara tatu ni 7,200,000. Tayari uko 10,800,000 na hujanunua hata daftari. Weka laptop, nauli za kwenda na kurudi likizo, kuprinti, alafu mafunzo kwa vitendo ambako unapelekwa wilaya usiyoijua unapanga chumba mwezi mmoja au miwili, na vitu vya elimu maalum vyenyewe ambavyo mwenzako anayesoma jiografia hanunui, karatasi nene za nukta nundu (maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa kidole), kibao na msumari wake wa kutobolea, manila na gundi na vitambaa vya kufaragua zana kila wiki. Mimi naweka 2,000,000 hapo na bado naona nimebana. Jumla kama milioni 13.

Na kuna gharama ambayo haina risiti, ule muda. Aliyetoka form six akaenda diploma anasoma miaka miwili, we wa digrii mitatu, kwa hiyo yeye anaingia sokoni mwaka mzima kabla yako. Shikilia hilo tutalirudia sasa hivi.

Mshahara wa walimu wa serikali unaenda kwa ngazi za TGTS, wa cheti anaanzia B, diploma C, digrii D. Namba halisi usichukue kwenye picha inayozunguka WhatsApp, nyingi ni za miaka ya nyuma, na viwango vimeshaguswa zaidi ya mara moja, Mei Mosi ya 2025 tu kima cha chini cha serikali kilitangazwa kutoka 370,000 kwenda 500,000 kuanzia Julai. Muombe mwalimu aliyeajiriwa karibuni akuonyeshe slipu yake, wengi hawana shida. Hapa naweka namba za kufikirika: wa diploma anaanza na 600,000, wa digrii anaanza na 800,000. Kwa macho tofauti ni laki mbili. Nzuri eeh? Subiri tukate.

Wa digrii, 800,000. Mfuko wa pensheni wa PSSSF 5%, hiyo 40,000. Bima ya afya 3%, 24,000. Chama cha walimu 2%, 16,000. Kodi inahesabiwa baada ya kutoa ile ya mfuko, kwa hiyo kwenye 760,000 anakatwa 68,000. Alafu anakuja Bodi ya Mikopo na 15% ya mshahara wa msingi, sio ya kinachobaki, ya msingi, 120,000. Jumla ya makato 268,000. Mkononi 532,000.

Wa diploma ambaye hakukopa, 600,000. Mfuko 30,000, bima 18,000, chama 12,000, kodi 30,000. Mkononi 510,000.

Rudia kusoma hapo. 532 kwa 510. Ile laki mbili uliyoiona imekuwa elfu ishirini na mbili, vocha na nauli ya bodaboda. Na kama ulikopa milioni 10, kwa kukatwa 120,000 kila mwezi unamaliza baada ya miaka saba hivi, mapema kidogo kama mshahara utapanda kwa sababu asilimia nayo inapanda. Deni likiisha ndo unaanza kuiona digrii yako, tofauti inakuwa 142,000 kwa mwezi. Sasa rudisha ule mwaka mmoja aliokutangulia mwenye diploma, 510,000 mara 12 ni 6,120,000 ambazo yeye ameshakula we bado uko bweni unasubiri bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu. Ukipiga kwa hizo namba, unamfikia kwenye mwaka wa tisa na nusu. Na hapo nimekadiria kwamba wote wawili mliajiriwa siku mliyomaliza chuo, kitu ambacho kwa sasa hakitokei.

Angalau mkopo wenyewe sio mkali kama ulivyokuwa wakati wetu. Ile tozo ya 6% ya kulinda thamani iliyokuwa inafanya deni linenepe ukiwa umelala iliondolewa 2021, na faini ya 10% ya kuchelewa nayo. Wenzangu wa zamani wanajua nnachosema, ulikuwa unalipa mwaka mzima ukiangalia deni liko vilevile au limeongezeka.

Sijasema usisome. Nimesema mshahara wa mwanzo sio sababu ya kuisoma, sababu ziko mbele zaidi, ntafika.

Hilo la "ajira za fasta". Lina ukweli nusu. Ni kweli wanaosoma elimu maalum ni wachache ukilinganisha na wale wa historia na Kiswahili waliojaa mtaani, na ni kweli matangazo ya ajira za walimu huwa yanatenga nafasi za elimu maalum peke yake. Ila nafasi zenyewe nazo ni chache. Fanya hivi, ni kazi ya jioni moja: tafuta matangazo ya ajira za walimu ya miaka mitatu minne iliyopita, yako mtandaoni, fungua moja moja, hesabu nafasi za elimu maalum kwa daraja. Daraja la III A ni la cheti, III B diploma, III C digrii. Andika namba tatu kwa kila tangazo. Usishangae ukikuta digrii wana kipande kidogo, vitengo vingi viko shule za msingi na huko wanataka zaidi wa diploma. Hizo namba zako ulizohesabu mwenyewe zina maana kuliko maneno ya mtu yoyote, mimi nikiwemo.

Alafu utaratibu umebadilika. Sisi tuliomba TAMISEMI tukasubiri majina yatoke, ukiona jina lako unapiga magoti. Kuanzia ajira za 2024 walimu nao wanapita Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, kuna usaili, wa kuandika na wa ana kwa ana, na ukifaulu ukakosa nafasi unaweza kuwekwa kwenye kanzidata. Yani cheti pekee hakikupi kazi tena, unaweza ukawa na GPA nzuri ukaulizwa swali dogo la namna ya kumsaidia mtoto mwenye uoni hafifu kwenye darasa la kawaida ukatoa macho. Kwenye ile karatasi ya gharama ongeza mstari: miezi ya kusubiri. Weka mwaka mmoja, weka miwili kama unataka usingizi mzuri. Utakula nini hiyo miezi? Jibu la hilo swali ndo linakwambia usomee eneo gani, na hapa naomba nikae kidogo.

Elimu maalum sio kitu kimoja. Kuna uziwi, kuna wasioona na uoni hafifu, kuna ulemavu wa akili, usonji, kuna uziwikutoona. Chuoni utaambiwa uchague na wengi wanachagua kwa kufuata rafiki. Ukiniuliza kwa hela tu, lugha ya alama ndo yenye soko nje ya darasa. Mikutano, warsha, mahakamani, kanisani, kwenye taarifa ya habari ile pembe ya chini ya tivii, wote wanahitaji mkalimani na mkalimani mzuri ni wa kutafuta kwa tochi. Ila mkalimani mzuri hatoki darasani. Muhula mmoja wa lugha ya alama unakupa alfabeti na salamu na majina ya matunda, ukikutana na viziwi wawili wanabishana mpira huambulii kitu. Nenda kwenye ofisi za CHAVITA, chama cha viziwi, za mkoa wako, nenda kanisa ambalo viziwi wanasali, kaa nao Jumapili, kubali kuchekwa. Na usidhani ukishajua ya Tanzania utavuka mpaka wa Namanga ukafanye kazi, Kenya wana yao, katiba yao ya 2010 imeitaja kabisa, alama nyingi hazifanani.

Wasioona ni tofauti. Soko la nje ni jembamba, lakini anayejua nukta nundu kisawasawa, za hisabati na za Kiswahili na za Kiingereza, hamna shule ya wasioona itakayomuachia. Tatizo wengi wanaomaliza hawaijui. Hapa nina donda langu, chuo nilichosoma mimi sitakitaja, tulikuwa darasa zima mashine za Perkins, zile za kuandikia nukta nundu, nzima zilikuwa nne, moja kitufe cha nukta ya tano hakibonyei, na mtihani wa vitendo tulifanya kwa zamu hadi saa mbili usiku. Nilikuja kujifunza kusoma nukta nundu kazini, aliyenifundisha ni mtoto wa darasa la sita, asiyeona, alikuwa ananiambia "mwalimu usiangalie kwa macho, weka kidole."

Ulemavu wa akili na usonji, huko ndo mijini kuna wazazi wenye uwezo wanatafuta mwalimu wa kuja nyumbani jioni au wa kukaa na mtoto shuleni, hasa shule binafsi na za kimataifa. Malipo mnapatana wenyewe kwa hiyo usitaje bei ya huruma. Ila kumbuka hao wazazi hawakuulizi una digrii ya wapi, wanaangalia wiki ya tatu mtoto amebadilika nini. Mwenye cheti na mkono mzuri anamshinda mwenye digrii ambaye hajawahi kumshika mtoto anayejipiga kichwa ukutani.

Sasa chuo. Diploma, jina linalojulikana ni Patandi, pale Tengeru Arusha, chuo cha serikali na elimu maalum ndo kazi yake. Digrii, kuna AMUCTA, yani Archbishop Mihayo, kule Tabora, kuna Chuo Kikuu Huria kwa wale wa kusoma huku unafanya kazi. Kabla ya kulipa hata shilingi ingia kwenye mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wa mwaka huohuo unaoomba, sio wa mwaka jana, hakikisha hiyo programu ipo kwa jina lake na sifa zako zinatosha, vyuo huwa vinazuiwa kudahili na vinaruhusiwa tena, watu wanatapeliwa na mawakala kwa sababu hawafungui hilo faili. Alafu piga simu au nenda, uliza maswali ambayo hayapo kwenye kipeperushi. Mashine za Perkins zinazofanya kazi ni ngapi? Anayefundisha lugha ya alama ni kiziwi au ni mtu aliyejifunza kitabuni? Mafunzo kwa vitendo mnatupeleka shule maalum na vitengo, au mnatumwaga sekondari yoyote tukafundishe uraia? Hili la mwisho ndo kubwa kuliko yote. Kuna wahitimu wamemaliza miaka mitatu hawajawahi kusimama mbele ya darasa la watoto viziwi, cheti kinasema elimu maalum mikono haijui. Chuo kikikujibu kwa kuzungukazunguka umeshapata jibu.

Niongee na walimu walioko kazini sasa, maana nyie hesabu yenu iko tofauti kabisa na wengi mnaiingia kichwakichwa.

Jambo la kwanza, angalia uko daraja gani leo. Mwenye diploma anaanzia TGTS C lakini hakai hapo, akipanda madaraja anafika D, anafika E. Mwenye digrii mpya anaanzia D. Kwa hiyo mwalimu wa miaka tisa na diploma yako unaweza ukawa umeshafika au umeshapita pale digrii inapoanzia, ukirudi na cheti kipya mshahara haushtuki, umetumia milioni zako na mwezi ujao slipu ni ileile. Kilichobadilika ni dari, ya diploma iko chini ya ya digrii, na kubadilishiwa muundo kwenyewe ni barua na ufuatiliaji na bajeti, sio kitu cha wiki. Kama umebakiza miaka sita kustaafu sioni faida, labda kama unaitaka kwa roho yako, na hiyo sio dhambi. Kama una miaka ishirini mbele, faida ipo na ni kubwa kwa sababu kila kupanda daraja kunajilimbikiza mpaka kwenye pensheni.

Jambo la pili, ruhusa. Nimeona mtu ameanza masomo kwa ruhusa ya mdomo ya mkuu wa shule, mkuu akahamishwa, aliyekuja akamuandika mtoro. Ruhusa ya masomo anatoa mwajiri na mwajiri wako ni mkurugenzi wa halmashauri, na halmashauri ina mpango wa mafunzo wa kila mwaka, jina lako linatakiwa liwemo humo kwanza. Andika barua mapema, pitisha kwa mkuu wa shule na afisa elimu, tunza nakala zenye muhuri. Ukipata ruhusa na mshahara ukaendelea, basi gharama yako kubwa kabisa, ile ya muda, imefutika, hesabu yote inageuka inakuwa tamu. Ukikosa, ndo Chuo Kikuu Huria kinaingia hapo, unasoma huku unafundisha, inachukua miaka zaidi na inataka moyo wa punda, nilisoma hivyo, mitihani naijua kwa harufu ya mafuta ya taa. Lakini hata mwezi mmoja sikukosa mshahara.

Faida za digrii ambazo hazionekani kwenye hesabu ya mwanzo ziko huku. Kufundisha sekondari zenye wanafunzi wenye mahitaji maalum. Afisa elimu maalum wa halmashauri, anayezunguka shule zote na kugombania bajeti ya shimesikio za kusaidia kusikia na karatasi. Ukufunzi wa chuo cha ualimu, na masters kama unaitaka. Mashirika, yale ya macho, ya masikio, ya haki za watu wenye ulemavu, tangazo lao la kazi karibu kila mara linaanza na "shahada ya elimu maalum au fani inayofanana" na bila hiyo barua yako haifunguliwi hata kama umefundisha miaka kumi na tano. Huko ndo pesa ya digrii ilipo. Kama huna mpango wa kutoka darasa la msingi na unapenda watoto wako, diploma yako inatosha na usimruhusu mtu akudharau.

Wenzetu Kenya wamepiga hatua moja ambayo naionea wivu, TSC, tume yao ya walimu, inawalipa walimu waliosomea elimu maalum na walioko kwenye shule hizo posho ya shilingi 10,000 za kwao kila mwezi. Na wana KISE, chuo chao cha elimu maalum, pale Kasarani Nairobi, tangu 1986, mwalimu anaweza kusoma kipindi cha likizo za shule akarudi darasani. Huo ndo utaratibu wa mtu aliyewahi kufundisha. Kama we ni msomaji wa Kenya, hesabu yako ina huo mstari wa ziada kwenye mapato, uandike, ila uliza kwanza unakopangiwa unastahili, posho inafuata kituo pamoja na cheti.

Na wale wa Marekani, maana nao hawakosekani. Ni kweli majimbo mengi kule yana upungufu wa walimu wa elimu maalum na kuna walimu wa Afrika wanaenda kwa visa ya J-1. Inataka digrii, inataka angalau miaka miwili ya kufundisha, ni ya miaka mitatu, inaweza kuongezwa miwili, alafu urudi. Diploma haikupeleki. Kwa hiyo kama hiyo ndo ndoto yako basi digrii ina sababu, lakini anza kuhesabu na upande wao, ada za wakala, leseni ya jimbo, Kiingereza cha kuandika ripoti ya mtoto mmoja kurasa kumi na tano maana kule kila mtoto ana mpango wake wa kisheria na ukikosea unaitwa kwenye kikao na wazazi wamekuja na wakili. Na wakala akikudai hela kabla ya kukuonyesha mkataba wa shule, muache aende.

Kuna vitu viwili havina mstari kwenye karatasi ila vinauma. Cha kwanza, unaweza kumaliza elimu maalum ukapangiwa shule ambayo haina kitengo kabisa, ukapewa hisabati darasa la tano watoto tisini, na mkuu akakwambia "mwalimu ni mwalimu". Inatokea. Ukishapangiwa hivyo andika barua ya kuomba kituo chenye uhitaji, taja shule yenyewe kwa jina, usiandike tu naomba uhamisho, afisa akikuta umeshamfanyia kazi ya kutafuta anasaini haraka. Cha pili ni wenzako. Staff room watakuita mwalimu wa "wale", ratiba ya mitihani itapangwa kitengo kisahauliwe, na kuna mwalimu mkuu mmoja aliwahi kuniambia mimi napumzika kwa sababu darasa langu lina watoto kumi na mbili. Kumi na mbili! Mmoja anaanguka kifafa, mmoja anakimbia getini kila mlango ukiachwa wazi, watatu hawajui choo. Nilimkaribisha akae nao kipindi kimoja, alikaa dakika ishirini akapigiwa simu.

Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu yoyote fanya hili moja, halina gharama zaidi ya nauli. Tafuta kitengo, karibu kila wilaya ina angalau shule moja yenye nacho, Dar nenda Uhuru Mchanganyiko au Sinza Maalum au Buguruni Viziwi, Dodoma kuna Buigiri ya wasioona. Muone mwalimu mkuu, mwambie ukweli kwamba unafikiria kusomea hii kazi na unaomba ujitolee wiki mbili. Beba kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa maana ni watoto na ana haki ya kukukagua. Omba uanze siku shule inapofunguliwa, mwezi wa kwanza au wa saba, sio wiki ya mitihani, ili uone watoto wametoka nyumbani wamesahau kila kitu na mwalimu anaanza upya. Waulize walimu wa pale slipu, waulize walisubiri ajira muda gani, waulize wangerudi nyuma wangesoma nini. Kula nao uji saa nne. Na ubebe nguo ya kubadilisha.